Lesoni ya 7: Swali Kabla ya Fimbo

SABATO MCHANA

Mafungu ya juma hili: Mwa. 3:8–13, Mwa. 4:3–8, 1 Fal. 19:1–9, Mk. 8:22–25, 1 Sam. 2:12–25, 3:13, Yn. 21:1–17.

Fungu la kukariri: Waefeso 6:4, agizo la Paulo kwa akina baba kwamba wasiwatie watoto uchungu, bali wawakuze kwa mafundisho na marudi yatokayo kwa Bwana.

Katika Ilagala, wilayani Uvinza, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, nyumba nyingi huishi kwa kufuata mwezi. Siku za giza akina baba huwa ziwani usiku kucha wakivua dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, hupumzika. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Mtu mzima aliweza kuielewa sababu. Mtoto mdogo huona tu kwamba baba yuko nyumbani mchana kutwa, sauti zimekuwa kali, na chakula kimepungua.

Mtoto huyo hajui kusema, “Nina hofu.” Husema kwa njia nyingine: humpiga mdogo wake, hukojoa kitandani, hukataa shule, au hutoroka kwenda mwaloni. Mzazi aliyechoka huona utundu, naye hushika fimbo. Juma hili linachunguza jambo linalorudiwa mara nyingi katika Maandiko: Mungu, ajuaye yote, huanza kwa kuuliza.

JUMAPILI: Hasira Iliyotajwa Jina

Soma Mwanzo 3:8–13 na 4:3–8. Mungu alitaka nini alipouliza, hali alijua jibu?

Adamu alipojificha, Mungu alimwita kwa swali. Kaini alipokasirika, Mungu alimwuliza kabla damu haijamwagika. Aliitaja hasira yake, akautaja hata uso wake. Kisha akamwonya kwamba dhambi ilikuwa inamvizia mlangoni, na kwamba ilimpasa aishinde. Hisia ilitajwa, hatari ilionyeshwa, na jukumu likabaki mikononi mwa Kaini.

Mzazi anaweza kuufuata mpangilio huo. “Naona umekasirika, mwanangu. Mdogo wako amekufanyia nini?” Mtoto akishasema, mzazi huongeza: “Kukasirika si kosa. Kumpiga ndiko kosa. Ukisikia hasira tena, njoo uniambie kabla hujainua mkono.” Mvulana anayeambiwa kila siku kwamba mwanamume halii hufunzwa kuficha; wala jambo lililofichwa halijapona.

Hata hivyo, Kaini aliulizwa vema, akaenda akaua. Swali jema haliondoi uhuru wa mtoto. Mzazi anayempanda mtoto mbegu njema na kuona magugu asikate tamaa wala asijihukumu kupita kiasi. Hata Baba wa mbinguni anao watoto walioasi.

JUMATATU: Mkate Kwanza

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Eliya alipewa nini kabla ya kuulizwa neno lolote?

Nabii aliyesimama imara juu ya Karmeli alilala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Swali la Mungu lilimfikia baadaye, huko Horebu, baada ya safari ya siku arobaini.

Makosa mengi ya jioni ni njaa na usingizi. Mtoto aliyetoka shuleni bila kula tangu asubuhi, kisha akatumwa maji na kuni, hawezi kusikiliza mawaidha marefu. Mama mwenye hekima humpa kwanza ugali wa muhogo na mboga iliyopo, hata kama ni kidogo, ndipo amwulize kuhusu barua ya mwalimu. Kumlisha hakufuti kosa. Humwandaa mtoto kulisikia.

Je, ni saa gani ya siku ambayo nyumba yako ina ugomvi mwingi? Miili ya watu wa nyumba huwa katika hali gani saa hiyo?

JUMANNE: Mguso wa Pili

Soma Marko 8:22–25. Yesu alifanya nini kipofu alipokiri kwamba bado haoni vizuri?

Yesu alimwuliza kama anaona kitu. Mtu yule alisema kweli: aliona watu, lakini kama miti inayotembea. Hakukaripiwa kwa kuchelewa kuona. Aliwekewa mikono tena, naye akaona yote waziwazi.

Watoto wengi wa Ilagala hulelewa katika Kiha, nao hukutana na masomo ya Kiswahili darasani. Mwingine huketi nyuma wala haoni ubaoni. Mwingine hasikii vizuri kwa sikio moja. Matokeo yakija, wote watatu huitwa wavivu. Darasani mtoto huitwa mzito. Mwaloni, anapobeba ndoo za dagaa na kulipwa, huitwa hodari. Si ajabu miguu yake ikazoea njia moja.

Mzazi amwulize mtoto anaona nini: “Nisomee hapa. Ni wapi unapokwama?” Amwendee mwalimu mapema bila kungoja mwisho wa muhula, aombe mtoto aketi mbele, na macho na masikio yake yapimwe. Kila jioni mtoto asome kwa sauti mistari michache ya Biblia. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuketi karibu na kusikiliza. Anayehitaji mguso wa pili si mjinga.

JUMATANO: Kosa la Eli

Soma 1 Samweli 2:12–17, 22–25 na 3:13. Eli aliwauliza wanawe. Alipungukiwa na nini?

Hofni na Finehasi waliidharau sadaka ya Bwana na kuwadhulumu watu. Eli aliwauliza kwa nini wanatenda hayo, wakapuuza, naye hakuwazuia. Mungu alimhesabia hatia. Swali lisilo na mpaka huwa maneno matupu.

Wapo wanaosoma Mithali 13:24 kama ruhusa ya kumaliza hasira juu ya mgongo wa mtoto. Lakini neno la Kiebrania linalotumika pale ndilo lilelile la fimbo ya mchungaji katika Zaburi 23:4, ile inayofariji. Fungu hilo linamdai mzazi arudi kwa upendo, na mapema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo hairuhusu adhabu inayozidi kiasi kwa umri na hali ya mtoto.

Sheria za nyumbani ziwe chache, zijulikane mapema, na baba na mama wazikubali pamoja, ili siku za giza na siku za mbalamwezi ziwe na mpaka mmoja. Adhabu ifanane na kosa. Mvulana aliyetoroka shule akabebe dagaa alete fedha hiyo kwa mzazi, aende na mzazi wake kumwomba mwalimu radhi, na anakili masomo yaliyompita. Ni kazi zaidi kuliko viboko vitatu, kwa mzazi pia.

ALHAMISI: Moto wa Makaa Ufuoni

Soma Yohana 21:1–17. Angalia mpangilio wa matendo ya Yesu kwa Petro.

Wavuvi walikesha bila kupata kitu. Yesu aliwangoja ufuoni akiwa na makaa, samaki na mkate. Petro alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu, tena kando ya moto wa makaa (Yn. 18:18). Yesu alimlisha, akamwuliza mara tatu, kisha akamkabidhi kondoo zake. Kosa halikupuuzwa, wala mkosaji hakutupwa.

Baada ya marudi, mtoto apewe jambo la kuaminiwa: kuhesabu ndoo za dagaa, kumwangalia mdogo wake, kusoma fungu katika ibada ya jioni. Humo hujua kwamba bado ni wa nyumba hiyo.

Mara nyingine anayehitaji kurejezwa ni mzazi. Baba aliyepiga kwa uchungu wa nyavu tupu anaweza kusema, “Mwanangu, jana hasira ilikuwa yangu, nikaiweka juu yako. Nisamehe.” Wengine huogopa kwamba maneno hayo yatamshushia heshima. Lakini mtoto atajifunzia wapi toba, kama hajamwona mkubwa wake akitubu?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu Elimu, kilichochapishwa mwaka 1903, Ellen G. White anaeleza kwamba lengo la nidhamu ni kumfundisha mtoto kujitawala mwenyewe, na kwamba maonyo hufikia lengo pale mkosaji anapoliona kosa lake na kutaka mwenyewe kulirekebisha. Fimbo peke yake inaweza kumnyamazisha mtoto. Swali la upendo, lenye mpaka nyuma yake, humwita aseme kweli.

Maswali ya kujadili:

1. Kanisa lifanyeje ili akina mama wanaolea peke yao siku ambazo waume wako ziwani wasielemewe?

2. Mzazi atatofautishaje kati ya mtoto mwenye hofu na mtoto mkaidi? Je, mtoto mmoja anaweza kuwa yote mawili?

3. Juma hili, mchague mtoto mmoja. Kabla ya kumwadhibu, mwulize swali moja, nyamaza, na umsikilize hadi mwisho. Sabato ijayo, darasa lisikie ulichojifunza, bila kumtaja mtoto.