Kikwazo Mbele ya Kipofu

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19, Mwenyezi Mungu awakataza watu wake wasiweke njiani kitu cha kumkwaza kipofu. Pengine msomaji atasema: amri hiyo hainihusu, nani aliye na moyo mgumu kiasi hicho? Basi, Jumapili baada ya Misa na azunguke kanisa lo lote la mjini, atazame jinsi Wakristo walivyosimamisha motokaa zao.

Makanisa yetu ya zamani yalijengwa siku ambazo waumini walikuja kwa miguu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lilianza kujengwa mwaka 1897. Nani wakati ule aliwaza mahali pa motokaa? Nafasi ni chache, twakiri. Lakini aliyekosa nafasi hana ruhusa ya kutwaa ya mwenzake.

Motokaa ikipandishwa juu ya njia ya waendao kwa miguu, mwenye macho huteremka barabarani, akanung'unika, akapita. Kipofu naye huteremka, ila fimbo yake yamwambia tu kwamba mbele pamezibwa. Haimwambii kwamba nyuma yaja lori. Na mlemavu wa kiti cha magurudumu hata kuteremka hawezi. Hungoja hapo mpaka wewe umalize kusalimiana na jamaa zako.

Sheria zenyewe kila mwenye leseni amejifunza. Tanzania twaendesha kushoto, basi tusimame ukingoni kushoto; si penye kona, si darajani, si kituoni pa basi, si mlangoni pa watu, wala si ubavuni mwa motokaa nyingine iliyokwisha kusimama. Juu ya kivuko chenye milia, na karibu nacho, ni mwiko. Hapo wengi hudharau, wakidhani wamekatazwa kwa ajili ya kupendeza macho ya polisi. La. Motokaa iliyosimama kando ya kivuko ni ukuta: mtoto haoni kinachokuja, na dereva hamwoni mtoto mpaka amekwisha kutokeza. Na risiti ya ushuru wa maegesho hainunui kivuko.

Wako wanaouliza: Padre, hata hili nalo ni dhambi? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, katika hati iitwayo Gaudium et Spes, namba 30, uliwataja waziwazi watu wanaodharau kanuni za mwendo wa vyombo barabarani, na kusema kwamba wahatarisha maisha yao na ya wenzao. Jambo hilo ni la Amri ya Tano.

Mwandishi wa maneno haya hana mikono safi. Siku moja, akikimbilia kumpaka mgonjwa Mafuta Matakatifu, aliiacha motokaa yake mbele ya lango la ua wa watu, akijiambia kwamba ni dakika tano. Zikawa arobaini. Aliporudi alimkuta baba mmoja amesimama langoni, na ndani ya ua, katika motokaa isiyoweza kutoka, mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Baba yule alivua kofia, akasema: "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Tulikuwa tukikungojea." Ningalifurahi kama angalinitukana. Kazi takatifu niliyotoka kuifanya haikunipa haki ya kumfungia mtu lango lake, na nafasi ya kuacha motokaa ilikuwako, mwendo wa hatua mia mbili tu.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa parokia za mijini wachague vijana wawili watatu wa kuelekeza motokaa kabla ya kila Misa, na kamba ya kuzuia njia ya waendao kwa miguu. Nao vijana wasiogope kuirudisha motokaa ya tajiri, wala ya Padre.