Je, Tungoje Picha?

Je, ni halali kumtoboa kifua mtoto mchanga pasipo kuwa na yakini kamili ya ugonjwa wake? Mtu aweza kudhani kwamba swali hili ni la waganga peke yao. Lakini mzazi yeyote wa Katuba au wa Ruashi aweza kulikuta usiku huu huu.

Katika watoto 100 wanaozaliwa, mmoja au wawili hivi hupasuka pafu kidogo, mara nyingi katika pumzi zile za kwanza zenye nguvu. Hewa huvuja, ikakaa kati ya pafu na mbavu. Walio wengi hawaonyeshi dalili yoyote, na hewa hiyo hunywewa na mwili wenyewe. Hao tuwaache, kuwachoma ni kuwaonea. Lakini kwa wengine hewa huzidi kujaa, hata pafu likasongwa na moyo ukasukumwa upande. Mtoto hupumua mbio, huguna, midomo yageuka rangi. Huyo hana saa nyingi, pengine ana dakika tu.

Na eksirei? Sisi wa Lubumbashi twajua jinsi umeme unavyokatika. Iko njia nyingine: chumba kitiwe giza, na taa kali isiyounguza iwekwe kifuani, upande wenye hewa hung'aa kuliko ule mwingine. Taa hiyo yaweza kudanganya, maana ngozi iliyovimba maji nayo hung'aa, na ngozi nene huificha hewa. Ndipo baba asemapo: "Mganga, ngoja picha." Neno lake si la upumbavu, ni la upendo.

Hata hivyo amesahau jambo moja: kungoja nako ni tendo. Aristotle alifundisha kwamba haifai kudai yakini ya hesabu katika mambo yasiyoweza kuitoa, na Mtakatifu Thomas wa Akwino akamfuata. Mganga aliyeziona dalili, akasikiliza kifua pande zote mbili, akaiona taa, anayo yakini ya kutosha ikiwa mtoto anazama. Mtoto akiwa ametulia, yakini ile ile haitoshi, na picha ingojwe.

Sindano yenyewe ni nyembamba. Hupitishwa juu ya ukingo wa ubavu, kwa maana chini ya kila ubavu umelala mshipa wa damu. Hewa ikitoka, rangi hurudi upesi. Isipotoka, mganga ameongeza jeraha, na pengine ametoboa pafu lililokuwa zima. Hatari hiyo asimfiche baba. Amwambie kwa maneno machache, mikono ikiendelea na kazi. Picha nayo ipigwe baadaye, umeme ukirudi, maana hewa yaweza kujaa tena na kuhitaji mrija.