HARUFU YA MTI: NI YANGU AU NI YA JIRANI YANGU?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo huenda utaliona dogo: marashi ya mwanamume, au malasi kama wengi wetu tunavyosema. Usicheke. Jambo hili dogo lilinifanya nimkosee mtu ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, nami nakuandikia ili wewe usikosee kama mimi.

Unaijua baridi ya huku Lemera. Mtu akishuka Luvungi au Uvira atavua koti njiani, na akipanda tena jioni atalitafuta. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, baada ya Magharibi kila mtu anajikunja karibu na jiko. Kijana wa ukoo wangu alinunua Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, chupa moja ya marashi ya kiume akaniletea zawadi. Akaniambia: “Baba mkubwa, haya ni ya jioni za baridi.” Nikayanusa. Yalikuwa na harufu ya mti mkavu, sandali, ubani kidogo na kitu kama moshi wa mbali. Kwa kweli yalinipendeza sana.

Wenye ujuzi wanasema kwa nini yanaitwa ya baridi. Harufu husafiri kwa kupanda kutoka kwenye ngozi yenye joto. Harufu nyepesi, kama ya ndimu, hupanda upesi na kwisha upesi. Harufu nzito za mti, utomvu na vanila hupanda polepole, hukaa saa nyingi, na pua huzihisi kama joto. Lakini marashi hayo hayo ukiyapaka mchana kwenye jua la bonde la Ruzizi, yatawakaba watu koo ndani ya gari. Hapa pana funzo la kwanza: kitu kizuri kisipowekwa mahali pake hugeuka kuwa udhia.

Je, mwanamume Muislamu kujipaka marashi ni kiburi? Hapana. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa harudishi zawadi ya manukato. Na katika mafundisho ya siku ya Ijumaa, baada ya kuoga, mtu ameelekezwa ajipake katika manukato ya nyumbani kwake. Mtu mmoja alipouliza kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, alifahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Shika maneno hayo mawili ya mwisho: KUWADHARAU WATU. Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Jioni moja ya baridi nilijipaka yale marashi, nikavaa kanzu safi na koti, nikaenda kusali Isha. Siku hiyo aliyetangulia mbele kusalisha alikuwa mwenzangu, nami nilisimama safuni. Pembeni yangu akaja kusimama ndugu mmoja mchoma makaa. Alikuwa ametoka mlimani moja kwa moja, na shati lake lilikuwa na harufu ya moshi na jasho. Mimi nikasogea. Sikusema neno, lakini nilisogea hatua nzima, nikaacha pengo, na mtoto mmoja akaja kulijaza. Yule ndugu aliliona lile pengo. Ijumaa iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja.

Basi usiku mmoja nimekaa, nimenusa kifundo cha mkono wangu, nikashtuka. Ile harufu niliyoisifu ilikuwa ya nini? Mti na moshi! Na ile niliyoikimbia ilikuwa ya nini? Mti na moshi! Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa ndani ya chupa, na yake ilitoka kwenye kazi ya mikono yake. Tena yangu huenda haikuwa na hata kibanzi cha mti, kwa sababu siku hizi harufu nyingi za mti hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Yake ilikuwa ya mti wa kweli, na ndani yake ulikuwamo unga wa watoto wake.

Huenda utaniuliza: “Sheikh, si tumekatazwa kuja msikitini tukinuka kitunguu saumu?” Ni swali la haki, nami nimelifikiri sana. Kitunguu ni chakula ambacho mtu anaweza kukiacha kwa saa chache, kisha akala baada ya sala. Moshi wa riziki si hivyo. Asiye na shati la pili hana la kubadilisha. Na imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka viunga vya Madina, wana vumbi na jasho la kazi. Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza wala hakuwapa mgongo, aliwashauri kwa upole kwamba laiti wangejisafisha kwa siku hiyo. Kumshauri mtu kwa upole kunamvuta karibu. Kumsogelea mbali kimyakimya kunamtoa. Haya mawili si kitu kimoja, hata kama yote yanatokana na pua moja.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe: marashi niliyojipaka ni ya nani? Jaribu mwenyewe. Jipake asubuhi. Baada ya muda mfupi pua yako imeyazoea, huyasikii tena. Lakini aliye karibu nawe anayasikia. Koti linakupa joto wewe, chakula kinakushibisha wewe, lakini marashi, ukishayavaa, wanaofaidi zaidi ni wengine. Kwa hiyo mimi naona kwamba marashi kwa umbile lake ni kitu cha kutoa. Na kama ni cha kutoa, basi anayepewa ana haki zake.

Haki ya kwanza: asizidishiwe. Safuni yumo mwenye pumu, yumo anayeumwa kichwa. Tone moja au mawili shingoni yanatosha.

Haki ya pili: asidhulumiwe mtu kwa ajili yake. Bei ya chupa isitoke kwenye ada ya shule ya mtoto wala dawa ya mgonjwa. Na dhulma nyingine haionekani dukani. Sandali ya huku Afrika Mashariki mafuta yake yako zaidi kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina, kwa hiyo wavunaji huung'oa mti mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mkataba wa CITES uliuweka mti huo wa Burundi, Rwanda, Tanzania, Uganda, Kenya na Ethiopia chini ya ulinzi wa biashara. Kunukia vizuri kwa mti ulioibwa, huo ni uzuri gani?

Haki ya tatu, nayo ndiyo kubwa: harufu yangu nzuri isiwe ukuta kati yangu naye. Kama nimejipaka ili nimkaribie, nimetoa sadaka. Kama nimejipaka kisha nikamkimbia, nimebeba chupa ya kiburi.

Wako watakaosema: “Basi tuache marashi kabisa, pesa zake tuwape maskini.” Maneno hayo yana sura nzuri, lakini angalia vizuri. Maskini naye anapenda kunukia! Tusimfikirie kuwa ni tumbo tu. Udi, huo wa gharama, hupatikana mti wa mwaudi unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Hapo mti hutoa utomvu kujikinga, na utomvu ule ndio manukato. Mti mzima usio na jeraha hauna harufu ile. Ndugu yangu, wangapi kati yetu huku tumejeruhiwa na miaka ya vita na kukimbia? Usimnyime mwenye jeraha haki ya kunukia.

Mimi nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwomba msamaha mbele ya mke wake. Akaniambia: “Sheikh, mimi sikukasirika. Niliogopa kuwaharibia watu sala.” Neno hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilimgawia nusu ya marashi katika kichupa. Alicheka, akasema mbuzi wake hawatamtambua.

Ijumaa iliyopita alikuja. Lakini alisimama safu ya mwisho, karibu na mlango. Kumtoa pale mlangoni ni kazi yetu sote. Kwa hiyo naomba mambo matatu: maji na sabuni viwepo nje ya msikiti kwa anayetoka kazini, kichupa kimoja cha mafuta mazuri kiwekwe mlangoni, kwa mwenye nacho na asiye nacho, na leo, tutakaposimama, asiwepo wa kuacha pengo.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu kabla ya nguo zetu, na utusamehe mapengo tuliyoyaacha. Amin.

Karatasi hii ina majina matukufu. Usiitupe ovyo, ukishasoma mpe jirani yako.