Fundi na Kompyuta

Baba Mtakatifu Pio XII alipoiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, aliwainulia Wakristo mkono wenye sugu wauheshimu. Walakini wengi wetu humpeleka mtoto chuo cha ufundi kwa aibu, kana kwamba ameshindwa maisha.

Tena twakosa mara ya pili, tukidhani ya kuwa fundi hana haja ya kompyuta. Gari la siku hizi likiharibika, fundi huchomeka chombo kidogo chini ya usukani, nacho humwonyesha namba ya hitilafu. Asiyejua kuisoma hubahatisha, hubadilisha kifaa baada ya kifaa kwa fedha ya mwenye gari, hata wateja wakamkimbia. Kijana huyo si mvivu, alifundishwa nusu.

Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem exercens ya mwaka 1981, alifundisha ya kuwa mashine ni msaidizi wa mtu, lakini yaweza kugeuka adui ikimnyang’anya kazi yake. Nani basi atamfundisha mwana wetu kuitawala?

Mwaka 2016 VETA ilianzisha VSOMO: mwanafunzi asome nadharia katika simu, kisha aende chuoni kwa mazoezi ya mikono. Mpango wa busara, kwa kuwa simu haikupewa kazi ya spana.

Nawe baba unayeuza ng’ombe kwa ajili ya ada, uliza kwanza: chuoni mna kompyuta ngapi, na je, wanafunzi huzitumia wenyewe, au humtazama mwalimu tu?