Muuguzi Machoni pa Mgonjwa

Neno "muuguzi" halikuzaliwa hospitalini. Kabla ya wodi na sindano, muuguzi alikuwa mama, shangazi au ndugu yeyote aketiye kando ya mgonjwa, akimwosha, akimnywesha uji na kukesha naye. Hospitali zilipokuja, tulimpa mtumishi wake jina lile lile la jamaa wa nyumbani. Basi mgonjwa, ijapokuwa mdomoni husema "nesi" au "sista", moyoni amekwisha kumdai udugu.

Tumfikirie mzee wa Zegereni, huko Kibaha, apelekwaye Tumbi, hospitali iliyokua pamoja na Shirika la Elimu Kibaha na ambayo leo ni ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Kwao kila kijana humwamkia. Lakini katika hospitali nyingine, ambayo hatutaitaja, tulipata kumwona mzee wa umri huo akitangulia kumwamkia binti mwenye sare nyeupe: "Shikamoo, daktari." Binti akaitika marahaba bila kuinua uso kutoka daftarini.

Je, ile ilikuwa heshima? La hasha. Iliyoamkiwa ni sare, na aliyeamkia ni hofu. Sare hiyo ilitufikia zama za ukoloni pamoja na ya askari na ya tarishi. Si ajabu wazee wakazipima zote kwa kipimo kimoja. Hali Florence Nightingale, alipofungua shule yake ya wauguzi mjini London mwaka 1860, alitaka umma umwone muuguzi kuwa mtu wa kuaminika, mwenye elimu na mwenendo mwema.

Wako watakaotupinga, wakisema kwamba mgonjwa hajui kupima ujuzi: humsifu muuguzi mcheshi aliyesahau saa ya dawa, akamlaumu mkali aliyemwokoa. Hoja hii ina uzito. Tena ni haki kukumbuka kwamba muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku kucha hana nafasi ya kuketi na kila mtu kama shangazi.

Hata hivyo, hoja hiyo yadhani kwamba upole ni pambo lililowekwa juu ya kazi. Sivyo. Muuguzi hutegemea maneno ya mgonjwa ili ajue maumivu yalianza lini, nini kimeliwa, na dawa gani imetumiwa. Mgonjwa aliyekemewa hujibu lile aonalo litamwepusha na kemeo la pili. Hapo ukali huacha kuwa jambo la adabu tu. Huingia katika matibabu yenyewe na kuyapotosha.

Mzee yule aliulizwa, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, kama alikuwa ametumia dawa za kienyeji. Akasema hapana. Mwanawe, aliyekuwa karibu nasi kwenye benchi, akakifunika vizuri kikapu chake. Ndani mlikuwa na chupa ya maji ya mizizi, nayo ilikuwa imekwisha nusu.