Amani ya Elfu Thelathini

Je, mtu alipe faini ya kosa ambalo hakulifanya, ili yaishe tu? Trafiki anasema tochi imesoma 58 kwenye kibao cha 50. Faini shilingi 30,000. Mimi najua nilikuwa kwenye 45. Kwenda mahakamani kutanila siku mbili tatu za kazi, kwa hiyo hesabu inasema lipa.

Lakini kulipa ni kukiri. Na tukilipa wote kwa kuchoka, nani ataihoji hiyo tochi? Socrates aliitii hukumu ya Athens mwaka 399 KK, ila kwanza alijitetea. Ningekuwa nimekimbiza kweli, ningelipa kimya. Mahakama si mahali pa kubahatisha uongo. Sikukimbiza, kwa hiyo nitakwenda. Nikishindwa, nitalipa. Kutii sheria si kunyamaza.