Umbo Kwanza, Maana Baadaye?

Elburgon ni mji uliokuzwa na reli na mbao. Uko pembezoni mwa msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi hukaza vidole. Gitaa halinyamazi huko hata hivyo. Jumamosi usiku mpiga gitaa mmoja hubeba muziki wa mugithi peke yake mpaka usiku wa manane. Jumapili asubuhi gitaa lingine huongoza nyimbo za kuabudu kanisani. Wengi wa wapigaji hao hawakusoma nota. Walishikishwa vidole na kaka au na mwenzao wa kwaya: weka hiki hapa, kile pale, sasa piga.

Je, mtu aliyefunzwa hivyo anajua muziki, au amekariri tu?

Dini na falsafa zimelibishania swali hili kwa karne nyingi. Mtoto husali Baba Yetu kabla hajajua ufalme ni nini. Mwanafunzi wa madrasa huhifadhi sura nzima za Kurani kwa Kiarabu asichokizungumza nyumbani. Wapo wanaoona huko ni kumlisha mtoto maganda. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona vingine. Katika Ihya Ulum al-Din alishauri mtoto aanze kwa kuhifadhi nguzo za imani, kisha maana imfunukie kidogo kidogo kadiri anavyokua. Kwake, kuhifadhi ni mlango wa kuelewa, na baada ya kuelewa huja yakini.

Shingo ya gitaa ni mahali pazuri pa kulipima wazo hilo, kwa sababu hapo umbo hushikika kwa mkono. Kodi (chord) ya E, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, huhitaji vidole vitatu tu. Kidole cha shahada kikilazwa juu ya nyuzi zote sita, na vingine vikashika umbo lilelile mbele yake, kodi hiyo huanza kutembea: kwenye freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 8 ni C. Kila freti hupandisha sauti kwa nusu toni, na ile ya 12 huugawa uzi katikati kabisa, ndipo sauti hujirudia ikiwa juu zaidi. Maumbo matano ya mwanzo, yaani C, A, G, E na D, yanatosha kuifunika shingo yote. Anayetafuta C huipata kwa umbo la C mwanzoni mwa shingo, kwa umbo la A kwenye freti ya 3, la G kwenye ya 5, la E kwenye ya 8, la D kwenye ya 10, kisha mzunguko huanza upya kwenye ya 12. Kijana asiyejua jina la nota hata moja anaweza kuizunguka ramani hiyo bila kupotea.

Na je, huko si kujua? Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba wema nao hupatikana vivyo hivyo, kwa kutenda matendo mema. Mwaka 1949 mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle, katika The Concept of Mind, alitenganisha kujua kufanya jambo na kujua habari za jambo, akakataa kuifanya elimu ya kwanza kuwa kivuli cha ya pili. Afrika Mashariki na Kongo zina ushahidi wao. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda akipiga wimbo wa Masanga huko Jadotville, Kongo, mji unaoitwa Likasi leo. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na baadaye akaja Nairobi, ambako wapigaji wengi walimwiga. Muziki ule ulipowafikia wasomi, David Rycroft aliuandika kwa nota na kuuchambua katika makala za mwaka 1961 na 1962. Mpiga gitaa John Low yeye alifunga safari hadi Shaba, kama jimbo la Likasi lilivyoitwa wakati huo, ili ajifunze kutoka kwa wapigaji wenyewe, na Shaba Diary yake ikachapishwa mwaka 1982. Mkono ulitangulia, kalamu ikafuata.

Lakini umbo nalo lina mpaka wake, na mpaka huo ndio wenye mafunzo makubwa zaidi. Ichukue tena E ya mwanzo wa shingo, isogeze yote uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba, bila kubadilisha mpangilio wa vidole. Mkono utaamini umefanya lilelile. Sikio litasikia A maina, kodi yenye majonzi. Nyuzi za gitaa zimetengana kwa nusu toni tano, isipokuwa G na B zilizotengana kwa nne. Tofauti hiyo moja inatosha kuigeuza furaha kuwa huzuni. Anayetaka A meja hulazimika kusogeza mbele kidole kimoja, freti moja tu.

Hapo mkono pekee hauna jibu. Lazima kijana aulize kwa nini, na swali hilo haliji kwa nguvu kwa mtu ambaye hajawahi kushika umbo. Ndiyo maana al-Ghazali ana haki kuhusu mwanzo, na wanaomlaumu mkaririshaji wana haki pia pale safari inapokatizwa kwenye kukariri. Anayesali miaka arobaini bila kuuliza amedhulumiwa na mwalimu wake. Anayezuiwa kusali mpaka aelewe kila neno hataanza kamwe.

Walimu wa kwaya wa Elburgon, Molo na Njoro, endeleeni kuwashikisha vijana vidole, msiwaanzishie nadharia. Ila kijana akiishika E barabara, mwambieni aisogeze uzi mmoja, asikilize, kisha mpeni nafasi ya kuitafuta sababu yeye mwenyewe kabla hamjamweleza.